Hatua Arobaini na Mbili Hadi Bombani

Mimi sipendi wanafunzi. Nalisema mapema ili asitokee mtu wa kudhani nilikuwa mwema tangu mwanzo wa hadithi hii. Kila mwaka chuo hutuletea wawili watatu waje wajifunze kazi kwa miezi mitatu, na kila mwaka nawapokea kama mtu anavyoipokea mvua siku aliyoanika nguo. Wanavunja vifaa, wanapoteza penseli, wanauliza choo kiko wapi mara nne. Wakishaanza kufaa, miezi mitatu imekwisha, wanaondoka na makoti yangu.

Karakana yetu iko nyuma ya hospitali, baada ya chumba cha kufulia, na kazi yetu ni kutengeneza miguu ya bandia. Nimeifanya miaka ishirini na sita. Mimi ndiye fundi mkuu, ingawa kwa wakati ule huyo mkuu hakuwa na mdogo wake, maana msaidizi wangu alikuwa amestaafu na nafasi yake ilikuwa wazi. Angepewa yeyote atakayefaulu mtihani wa mwaka huo akiwa kwetu.

Chuo kilileta mmoja tu, na huyo mmoja alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, na mimi nilipomwona mlangoni niliona samaki aliyekwisha kaushwa zamani. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, amening'iniza utepe wa kupimia shingoni. Nikamuuliza alikuwa akifanya nini siku zote hizo kabla ya kukumbuka shule. Akasema alikuwa fundi cherehani, ameshona magauni ya harusi kwa miaka kumi na minane. Basi nikampa jina pale pale: Bibi Harusi. Nilitaka limchome. Yeye akacheka, akauliza bwana harusi ni nani, kwa sababu humu ndani anamwona mzee mmoja tu, tena ana plasta kwenye nyusi.

Nilijifuta nyusi nikamwonyesha choo kabla hajauliza.

Karakana yetu ina desturi moja, na kila anayekuja huambiwa siku ya kwanza. Mguu ukikamilika, mteja huuvaa akatembea kutoka mlangoni kwetu, kwenye ujia mrefu, mpaka kwenye bomba la maji uani, kisha akarudi. Ni hatua arobaini na mbili kwenda. Aliyetengeneza mguu hutangulia mbele yake akitembea kinyumenyume, uso kwa uso na mteja. Mguu hauangaliwi, huangaliwa uso. Kwa nini? Kwa sababu watu waliopewa mguu mpya husema uongo. Si wabaya. Wamengoja sana, na wanaona haya kumlalamikia mtu aliyewatolea jasho. Watakwambia ni sawa, asante sana, Mungu akubariki, halafu wakifika nyumbani wanausukuma mguu uvunguni mwa kitanda. Na mpaka umetembea kinyumenyume hivyo, mteja akaenda na kurudi salama, kwetu wewe huitwi fundi. Hata kama una cheti kikubwa kama mlango.

Nilipotaja uvungu wa kitanda, Bibi Harusi alishusha macho. Siku chache baadaye, tukichanganya plasta, alinieleza mwenyewe bila kuulizwa. Mama yake alikatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Akatengenezewa wa bandia, akamwambia fundi ni sawa, na mguu ule ukakaa uvunguni miaka sita, mpaka mama akazikwa. Bibi Harusi ndiye aliyekuwa akifagia chumba kile, na kila asubuhi ufagio uligonga mguu. Baada ya msiba akaweka mkasi chini, akaenda chuoni kukaa dawati moja na watoto waliolingana na mwanawe.

Sikumuuliza mguu ule ulitengenezwa wapi. Niliogopa jibu.

Wiki ile ya kwanza nilimfundisha kama ninavyowafundisha wote, yaani kwa kelele. Mteja wa kwanza kumpa alikuwa Kinyozi, na ndiye niliyemchagulia awe mteja wake wa mtihani. Kinyozi aligongwa na lori lililokuwa linarudi nyuma, akakatwa mguu wa kushoto chini ya goti. Tangu hapo alikuwa akinyoa watu ameketi kwenye kiti kirefu, na wateja wakawa wanapungua mmoja mmoja, kwa sababu kinyozi aliyeketi haoni utosi. Wanaume walitoka kwake wakiwa watanashati pembeni na vituko juu. Alichotaka ni kitu kimoja tu, kusimama nyuma ya kichwa cha mtu. Tena alikuwa na mdomo huyo bwana. Alikuwa na mzaha kwa kila hali ya hewa, na hakuwa na mzaha aliouacha njiani. Hata ukimchoma sindano angekwambia ngoja nimalize.

Nilikishika kidole cha Bibi Harusi nikakibandika kwenye kigutu cha Kinyozi, juu ya mfupa.

“Hapa,” nikamwambia. “Si hapo. Hapa.”

Nikamzungusha hivyo mifupa yote. Nikamweleza alama zetu, maana zote hupigwa kwa penseli ya zambarau kwenye ngozi, na zikitoka huko huhamia kwenye plasta. Duara maana yake hapa panauma, ongeza plasta, ili kikombe cha mguu kikija kutengenezwa juu yake kiwe na nafasi hapo. Mistari maana yake hapa pana nyama ya kubeba uzito, punguza plasta, kikombe kikumbatie. Kikombe ndiyo ile sehemu ya juu ambamo kigutu huingia. Ukikosea alama hizo mbili, umemtengenezea mtu mtego wa panya.

Alisikiliza. Na hapo ndipo taabu yangu ilipoanza, kwa sababu sikupata cha kumkemea. Mikono ile ilikuwa imeshika hariri miaka kumi na minane, ikaja kwenye plasta kama iliyoalikwa. Alikuwa akifumba macho anapopapasa kigutu. Akisaga kwa tupa, husaga mara tatu, anapuliza vumbi, anapapasa, ndipo anasaga tena. Siku moja alizichukua soksi za pamba wanazovaa wateja ndani ya mguu, akazigeuza zote nje ndani. Nikamuuliza kwa ukali anafanya nini. Akasema mshono umeelekea kwenye ngozi, unamkwaruza mtu, ukigeuzwa utaelekea kwenye plastiki, ambayo haina maumivu. Miaka ishirini na sita nimewavisha watu soksi, na mshono huo nimeuona kila siku, na haikunipitia akilini. Ukiona vyaelea vimeundwa, lakini mimi niliviona vikielea na sikujua vimekaa kichwa chini.

Jioni hiyo nilimweleza mke wangu. Akasema huyo mama ana akili. Nikasema ana bahati. Mke wangu akanitazama, akaendelea kukunja nguo.

Alivyompima Kinyozi ndivyo vilivyonimaliza kabisa. Mimi humsimamisha mteja wima, mikono pembeni, kama anapigwa picha ya kitambulisho. Yeye alimshikisha Kinyozi mkasi na kitana, akaniketisha mimi kwenye kigoda, akamwambia amnyoe Fundi. Alitaka kumwona amesimama kikazi. Kinyozi akaegemea magongo yake, akaninyoa kweli, huku yeye akizunguka na utepe wake na daftari, akiandika mguu mzima unaelemea wapi mtu anapoinama kulia, wapi anapoinama kushoto. Nilitoka pale na nywele nusu. Nilikuwa nimekasirika, na nilikuwa nimefurahi, na sikujua lipi lilianza.

Kufikia mwezi wa tatu nilitaka nafasi ile awe nayo yeye. Nilitaka sana. Mtihani hufanywa mara moja kwa mwaka: mkaguzi wa chuo anakuja, mteja anatembea hadi bombani na kurudi, mkaguzi anaandika umefaa au haujafaa. Ukiandikiwa haujafaa, ni mpaka mwakani, na nafasi ya kwetu isingengoja mwakani. Angepewa kijana yeyote aliyefaulu kwingine, mwenye makoti ya kuiba.

Sasa nimefika mahali ninapoona haya.

Mkaguzi alitazamiwa Jumatano. Jumatatu mchana Bibi Harusi alikuwa amemaliza umbo la plasta la kigutu cha Kinyozi, amelisafisha, amelisimamisha mezani. Kikombe cha plastiki kilikuwa kazi yangu. Tanuri halikabidhiwi mwanafunzi, maana bamba la plastiki hupashwa moto mpaka lilegee kama kitambaa kilicholowa, na mtu asiyezoea hupoteza vidole. Basi akaniachia umbo lile, akaenda chuoni kuchukua fomu zake.

Sheria ya mtihani ni kwamba plasta ya mwanafunzi haiguswi na mwingine. Mimi mwenyewe nimeibandika ukutani. Nikalichukua umbo ili nilivalishe plastiki, na kidole changu kikapita upande wa ndani, vidole vinne chini ya goti. Kulikuwa na kinundu. Alikuwa ameongeza plasta mahali ambapo kitabu kinasema upunguze. Pale ndipo mguu hubebea uzito. Kila mwanafunzi hulijua hilo wiki ya pili. Nikasema moyoni, maskini, uchovu. Kosa dogo hivi litamnyima kazi.

Nikachukua tupa. Nikasaga. Nilipofika chini ya kinundu nikaikuta alama yake ya zambarau, na ilikuwa duara, limepigwa vizuri, bila kutetemeka. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Duara ni duara: alikuwa amekusudia. Mimi nikasema amechanganya alama, nikaendelea kusaga mpaka duara likaisha. Kisha nikalivalisha umbo plastiki. Nilikuwa nikipiga mluzi.

Jumanne asubuhi alivunja plasta na kuitoa ndani ya kikombe, kama inavyofanywa, akaingiza mkono akapapasa. Akapapasa tena. Kisha akaja mezani kwangu akasema hapati lile bonde ambalo kinundu chake kilipaswa kuliacha upande wa ndani. Nikamjibu bila kuinua kichwa kwamba plastiki hujivuta inapopoa, hayo ni mambo ya kawaida, mguu utakaa tu. 

“Sawa, Fundi,” akasema.

Neno hilo sikulisikia siku ile. Nimelisikia mara nyingi baadaye.

Jumatano mkaguzi alikuja saa nne, mama mrefu wa miwani, mwenye kalamu mbili mfukoni na viatu vilivyotangulia kutangaza ujio wake. Alikagua daftari la Bibi Harusi juu juu, akaniuliza kama kazi ni yake mwenyewe, nikasema ndiyo. Kinyozi alikuwa amevaa shati jipya. Alivaa mguu, akakaza mikanda, akasimama. Bibi Harusi akaupa mgongo ule ujia mrefu, akamtazama Kinyozi usoni, akaanza kurudi nyuma.

Walikwenda vizuri. Hatua zilikuwa sawa, bega halikudondoka, goti lilikunjika panapotakiwa. Nami nilikuwa pembeni, naangalia mguu. Mimi, niliyeapisha watu kuangalia uso, nilikuwa naangalia mguu na kuusifu moyoni kana kwamba nimeuzaa. Kinyozi naye alikuwa anatabasamu na kupiga domo kama kawaida yake. Alikuwa akimsimulia Bibi Harusi habari za mteja wake mmoja aliyekuja na msitu wa nywele, akaketi, akapitiwa na usingizi.

“Nikamnyoa zote, kipara,” akasema. “Mara mkewe huyo, anaingia mlangoni, anamtafuta mumewe. Akamtazama usoni hivi...”

Hapo akanyamaza. Akapiga hatua mbili, tatu, tano. Tabasamu lilikuwa pale pale.

“Basi, mambo ya wanandoa,” akasema, akacheka kidogo.

Wakafika bombani, wakageuka, wakarudi. Mkaguzi akamuuliza mguu ukoje. Kinyozi akasema ni sawa kabisa, anamshukuru dada, anamshukuru mzee wa miguu, Mungu awabariki wote. Mkaguzi akafungua kalamu. Nilikuwa nimekwisha kunyoosha mkono kumpongeza.

“Usiandike, mama,” Bibi Harusi akasema. “Haujafaa.”

Mkaguzi alimtazama juu ya miwani. Akamwambia mteja mwenyewe amesema ni sawa.

“Na mama yangu alisema ni sawa.”

Akamketisha Kinyozi kwenye benchi, akapiga magoti, akafungua mikanda, akavua mguu, akavua soksi. Upande wa ndani, vidole vinne chini ya goti, kulikuwa na doa jekundu, na katikati ya doa ngozi ilikuwa imeanza kuchubuka. Kinyozi alianza kuomba radhi, eti haikuuma sana, angezoea. Alisema alitaka dada afaulu, akatokwa na machozi huku akijaribu kucheka. Bibi Harusi akamwambia kwamba kwa miezi mitatu hajamwona akiacha mzaha katikati ila anapoumia, na leo ameuacha kwenye hatua ya ishirini.

Mkaguzi akamuuliza kama anaelewa kwamba akiandika haujafaa ni mpaka mwakani. Akasema anaelewa. Akaulizwa kosa ni nini. Akasema kuna mshipa wa fahamu uliokatwa ukajifunga fundo pale, haupo kwenye kitabu, ulihitaji nafasi, na kikombe hakina nafasi. Mkaguzi akauliza, kama aliujua, ni nani aliyesahau kuuwekea nafasi?

Bibi Harusi hakunitazama. Nilimwona akijizuia asinitazame. Alikuwa amejua tangu jana. Mkono ule usingekosa kujua.

“Mguu ni wangu, mama,” akasema. “Na kosa ni langu.”

Nataka niseme kweli ilivyokuwa. Sikujitokeza mara moja. Nilisimama pale nikihesabu kwamba nimebakiza miaka mitatu nistaafu, kwamba hakuna aliyeona, kwamba plasta imevunjwa na vumbi lake limefagiwa. Nikamwona amepiga magoti sakafuni, utepe shingoni, ameubeba mzigo wangu bila hata kuninong'oneza neno. Nimewaheshimu watu wengi maishani, wengi wao kwa sababu walikuwa wakubwa zangu. Huyu nilimheshimu nikiwa nimesimama na yeye amepiga magoti.

“Si lake,” nikasema. “Kinundu alikiweka. Mimi nilikisaga.”

Nikaeleza yote, na tupa, na duara, na yale ya plastiki kujivuta. Mkaguzi aliandika kila neno kwa ile kalamu ya pili. Kisha akalirudia daftari la Bibi Harusi, safari hii akalisoma. Ukurasa wa siku aliyoninyolesha nusu uliandikwa: *Ndani, vidole vinne chini ya goti. Kama punje. Nikigusa, Kinyozi ananyamaza.* Lilikuwa mezani kwangu miezi miwili, daftari hilo, nami nililiwekea kikombe cha chai juu yake.

Mkaguzi alitoa hukumu palepale ujiani. Mtihani wa Bibi Harusi haukuanguka, ila haukufanyika, kwa kuwa kazi iliguswa. Aanze upya, kuanzia bendeji ya kwanza ya plasta inayofungwa kwenye kigutu. Ijumaa saa nane mkaguzi akitoka kwenye vituo vingine atakuwa hapa. Mimi nisiingie chumba cha plasta mpaka hapo. Na kwa mwaka mmoja nisisimamie mwanafunzi yeyote.

Siku nyingine ningelifurahia hilo la wanafunzi. Nilikwenda nyumbani nikamsimulia mke wangu, nikitarajia anipoze. Akasema, miaka yote hii unawaambia watu waangalie uso, wewe mwenyewe ulikuwa unaangalia nini? 

Alhamisi nilikaa kwenye benchi la wateja, nje ya mlango wangu mwenyewe. Nakushauri ukalie benchi la wateja wako siku moja. Ni gumu, na lina msumari. Nilimsikia ndani akipasua bendeji, akichota maji, tupa ikisaga mara tatu, kimya, kisha tena. Kinyozi alitoka akakaa nami, akanipa pole, akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikamwambia mimi ndimi niliyevunja koleo. Akasema basi afadhali, maana angekuwa yeye ningemlipisha.

Ijumaa ilipofika zamu ya tanuri nilishikwa na hofu, kwa sababu kazi ile, kwa asiyeizoea, inataka mikono minne na mimi nimefukuzwa. Mkaguzi alikuwa amewahi. Alivua viatu vyake vya kelele, akakunja mikono ya blauzi, akavaa glavu zangu akashika pembe mbili za plastiki moto. Wakaivalisha wawili. Nilichungulia dirishani kama mtoto. Bibi Harusi aliivuta chini ya umbo kwa mkupuo mmoja, hakuna kunjo hata moja, na niliona pale midomo yake imebana pini zisizokuwapo.

Saa nane ilipita, saa tisa ikapita, wakingoja ipoe na kuufunga mguu. Saa kumi kasoro, Kinyozi alisimama mlangoni.

Bibi Harusi akarudi nyuma hatua ya kwanza. Kinyozi akaja. Safari hii niliangalia uso, na ule wa pili pia, uso wa yule anayetembea kinyumenyume, ambao kwa miaka yote sikuwahi kuuangalia. Haukuwa na wasiwasi. Ulikuwa unasikiliza.

“Basi mkewe akamtazama usoni,” Kinyozi akaanza, kana kwamba Jumatano haikukatika. “Akaniambia, samahani, kaka, namtafuta mume wangu, ana nywele nyingi. Nami nashindwa, nimwamshe au nimwache.”

Hatua ya ishirini ikapita. Ishirini na tano. Mkaguzi alikuwa ameushika mkono wangu, sidhani kama alijua.

“Jamaa akafungua jicho moja,” Kinyozi akasema, tayari mbele ya bomba, akasimama wima, mikono hewani, kana kwamba kuna kichwa mbele yake. “Akaninong'oneza, mwambie ametoka sasa hivi.”

Mkaguzi alicheka mpaka miwani ikamshuka. Wafuaji walichungulia kutoka chumba chao cha kufulia kuona kuna nini. Bibi Harusi peke yake hakucheka. Alimrudisha hatua zote arobaini na mbili, akamketisha, akamvua mguu, akavua soksi, akakagua ngozi pande zote kwa kidole. Ilikuwa safi. Ndipo akakaa chini sakafuni, akafunika uso kwa utepe wake wa kupimia na kucheka na kulia kwa pamoja, nami nikageukia ukuta kwa kuwa mzee mwenye plasta kwenye nyusi hapaswi kuonekana hivyo.

Mkaguzi akaandika. Neno lilikuwa fupi. Nililisoma kichwa chini.

Watu walipopungua nilimsogelea. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi tangu Jumatano, marefu, yenye adabu, na yote yakanitoka. Nikasema tu, nionyeshe.

 Akanishika kidole cha shahada, akakipeleka kwenye kigutu cha Kinyozi, ambaye alikuwa ameanza mzaha mpya wa mchungaji aliyepoteza kofia.

“Hapa,” akasema. “Si hapo. Hapa.”

Nilifumba macho kama anavyofumba yeye. Mwanzoni palikuwa na nyama tu. Kisha, chini kabisa, ikapita punje ndogo chini ya kidole changu, na Kinyozi akanyamaza.

Nikaondoa kidole.

“Nimeipata, Fundi,” nikamwambia.